Tulipopiga Kura Ardhi Ikiwa Tupu

Mkutano ule ulifanyika mwezi wa kumi, wakati ambao mtaa wetu wa Bombambili, hapa Songea, huwa hauna cha kuficha. Ukisimama mlangoni kwangu majira hayo unaiona njia yote inavyoteremka hadi kwenye kijito na kupanda upande wa pili. Unaona kuku wa kila mtu, unaona mwenyekiti wa mtaa ameanika nini, na ukikaza macho unaliona vumbi la barabara kubwa iendayo mjini. Ardhi ni nyekundu na tupu. Mabua ya msimu uliopita yameshachomwa au yameliwa na ng'ombe. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililotuponza.

Habari iliyotukusanya ilikuwa njema. Serikali ilikuwa imetoa ruzuku ya usalama wa mitaa kupitia manispaa, na mtaa wetu ulikuwa miongoni mwa ile iliyofikiriwa. Tungepata taa za sola za kusimikwa kando ya njia ya bondeni, ambako watu walikuwa wakiporwa jioni wakitoka kazini. Tungepata pia filimbi, tochi na vizibao vya kung'aa kwa ajili ya vijana wa ulinzi shirikishi, ambao mpaka siku hiyo walikuwa wakilinda kwa fimbo na kwa kukohoa kwa sauti.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya ulinzi. Sijui vizuri nilichaguliwaje. Nilisoma chuo kikuu, naandika makala, na kwa macho ya jirani zangu mimi ni mwanamume anayeonekana nyumbani mchana, kwa hiyo anafaa kupewa kazi. Sifa zangu za ulinzi zilikuwa chache. Niliwahi kuibiwa redio nikiwa naisikiliza.

Afisa aliyetumwa kutueleza masharti alikuwa dada mmoja wa maendeleo ya jamii, mdogo kwa umri, mpole, mwenye buti za mvua hata wakati wa kiangazi. Alisema ruzuku si zawadi. Mtaa nao una sehemu yake. Sehemu yetu ilikuwa kuiacha njia wazi pande zote mbili. Maharage ruksa, karanga ruksa, matembele ruksa. Mahindi, mtama na muhogo, hapana. Taa inayomulika ukuta wa mahindi, alisema, inamsaidia mwizi kuhesabu alichoiba. Tukacheka. Ili pasiwe na ubishi juu ya upana, akakata kipande cha kamba ya manila ya buluu mbele yetu, akamkabidhi mwenyekiti. Kutoka ukingo wa njia hadi mwisho wa kamba, kusiwe na kitu kirefu.

Akauliza nani anaafiki. Mikono yote ikapanda. Mtaa wetu hukubaliana mara chache. Hata ufunguo wa ofisi umewahi kutugawa. Lakini siku ile tulitazama nje, tukaona ardhi haina kitu, na ni rahisi mno kuyafyeka mahindi ambayo hayapo. Mjane mmoja aliyekaa benchi la mbele, ambaye shamba lake jembamba liko pande zote mbili za njia kule bondeni penyewe, aliunyoosha mkono wake kabla hata ya mwenyekiti. Nilimhurumia. Nikajiambia kwamba maskini mama wa watu hakuelewa.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, harufu ya udongo ikapanda, na mtaa mzima ukapoteza kumbukumbu.

Asiyeishi Songea ataona tulifanya makusudi. Haikuwa hivyo. Mkoa huu unalisha nchi, na mtu wa hapa asipoona bua la hindi dirishani kwake anajihisi kama amehamishwa. Tunapanda mpaka ukutani. Tunapanda kati ya choo na jiko. Mvua ikishanyesha, mikono inakwenda yenyewe kwenye jembe, na hakuna aliyekaa chini akaamua kuvunja makubaliano na serikali. Mimi mwenyewe, katibu, nilipanda mistari yangu hadi kwenye ukingo wa njia nikipiga mluzi. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na mkulima wa kweli wa nyumba yetu, aliniuliza kama kamba ile haifiki pale. Nikamwambia kamba iko kwa mwenyekiti. Lilikuwa jibu la kweli, kwa kadiri lilivyokwenda. Kamba ilikuwa kwa mwenyekiti, imefunga mbuzi.

Taa hazikuja mwezi ule wala uliofuata. Mahindi ndiyo yaliyokuja. Kufikia mwisho wa Januari ile njia tuliyokuwa tukiiona yote ilikuwa ufa mwembamba ndani ya ukijani, na mtu akiingia kule chini ulimjua kwa sauti ya majani tu.

Mjane wa bondeni aliishi na binti yake wa mwisho. Wakubwa wote walikuwa wameshaondoka, huyu Mbeya, yule Dar es Salaam, wakibaki kuwa sauti kwenye simu siku za sikukuu. Binti huyu alikuwa fundi cherehani karibu na soko kuu, na kila siku alirudi kwa miguu kupitia njia ile. Jioni moja, saa moja hivi, mwanga ukiwa bado haujakwisha, kijana mmoja alitoka kwenye mahindi, akamsukuma, akachukua mkoba wenye simu na gauni la mteja, akarudi ndani ya mahindi. Majani yakacheza kidogo, yakatulia. Yalikuwa mahindi ya mama yake.

Aliangukia mkono, na kifundo kikavimba. Kwa fundi cherehani hilo si jambo dogo. Kilipopata nafuu akaanza kurudi kwa bodaboda, kwa kuzungukia barabara kubwa, na bodaboda ikawa inakula alichoshona. Ndipo akasema atapanga chumba mjini na mwenzake. Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja dukani kumeisha sukari. Mama yake, mke wangu aliniambia, siku hiyo alikuja kwetu kuomba chumvi na akaondoka bila kuichukua.

Mwishoni mwa Februari yule dada afisa akarudi, safari hii na mafundi wa taa. Alisimama juu ya mteremko, akatazama ule ukuta wa kijani, akamgeukia mwenyekiti.

"Njia iko wapi?"

Mwenyekiti akanyoosha kidole. Fundi mmoja akageuka pembeni acheke vizuri.

Dada hakugomba. Alisema taa zimeshafika stoo ya manispaa, na zitasimikwa mwezi ujao. Kama hatujawa tayari, zitakwenda ng'ambo ya kijito, kwa mtaa wa pili, ambao nao waliomba. Hapo alitugusa penyewe. Na watu wa ng'ambo tunashindana kwa kila kitu, kuanzia mpira hadi kwaya, na wazo la kukaa gizani huku tukiwatazama wao wanamulikwa lilituuma kuliko wezi.

Kamati ikakutana. Mahindi wakati huo yalikuwa yametoa ndevu, punje zikiwa bado maji. Hakuna kipindi kibaya zaidi cha kumwambia mtu afyeke. Ungekuwa wakati wa kupalilia, hasara ingekuwa jasho tu. Ungekuwa mwezi wa saba, tungekuwa tumevuna. Kamba ya buluu ikafunguliwa kwa mbuzi, tukagundua kuwa mbuzi alikuwa ameitafuna na sasa ilikuwa fupi kuliko ilivyokatwa. Hakuna aliyelalamika. Hata hivyo haikuwa fupi vya kutosha, kwa hiyo ubishi ukahamia kwenye njia yenyewe. Mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, alidai ukingo wa njia ni katikati ya njia. Mwenyekiti alisema mahindi yake ni mbegu fupi, hayahesabiki. Mwingine akasema yale ya mbele ya nyumba yake si yake, ni ya mkwewe, na yeye hawezi kumvunjia heshima mkwe. Mimi nilisema yangu si marefu, na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli.

Mwishowe tukaafikiana kwamba katibu aende kwa mjane. Sehemu kubwa ni yake, tulisema. Yeye akikubali, sisi wengine hatutakuwa na la kusema. Hayo ndiyo tuliyosema. Tulichotumaini kilikuwa kingine. Tulitumaini atakataa. Nani angeweza kumlaumu mjane anayelinda chakula chake cha mwaka? Sisi tungevuna, taa zingekwenda ng'ambo, na kila mtu angetikisa kichwa kwa masikitiko huku akichoma mahindi mabichi.

Nilimkuta uani anapeta maharage kwenye ungo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanielekeza pa kukaa, kisha akanihamisha kwa sababu pale kulikuwa na kuku anayetamia. Binti yake alikuwa ndani. Mlango ulikuwa wazi na cherehani ilikuwa ikilia.

Nilizungumza muda mrefu. Nilitumia maneno kama maslahi mapana na mazingira wezeshi. Nilimweleza taratibu, kama unavyomweleza mtu ambaye hakuelewa, kwamba siku ile ya mkutano alipoinua mkono alikuwa anakubali mahindi yake mwenyewe yafyekwe. Aliniacha nifike mwisho.

"Umemaliza, baba?"

"Nimemaliza, mama."

"Ulidhani sikujua ni yangu? Kule bondeni nani mwingine ana mahindi?"

Nikauliza kwa nini basi alipanda.

"Na wewe mbona ulipanda?"

 Jibu alikuwa nalo yeye mwenyewe. Alisema mvua ilinyesha na mbegu ilikuwa ndani. Kuhusu taa, alikuwa ameshaahidiwa mengi katika maisha yake, bomba la maji, daraja la kijito, mbolea iliyofika wakati wa kuvuna. Kwa hiyo alifanya hesabu yake: zikija atafyeka, zisipokuja atakula.

"Zimekuja?" akauliza.

"Zipo stoo, mama."

"Umeziona?"

Sikuwa nimeziona. Cherehani ikanyamaza, na binti akasema kutoka ndani, bila kutokeza uso, kwamba mama asifyeke kitu. Yeye atapanga mjini, mambo yaishe, na mama ale mahindi yake.

"Nitayala na nani?" mama akasema.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, akipeta.  Mule ndani cherehani ikaanza tena, polepole. Mimi nilimtazama kuku, kuku akanitazama, na wote wawili tulijua kwamba sikupaswa kuwa pale.

"Kaziangalie kwanza," mjane akaniambia. "Ukiziona kwa macho yako, uje uniambie."

Kesho yake nikaenda manispaa. Nilimwomba yule dada afisa anionyeshe taa, na nadhani alihisi naona ruzuku yake kama hadithi, lakini alinipeleka. Mtunza stoo alifungua boksi moja kwa kisu. Taa ilikuwa nzito, ya kijivu, imefungwa kwenye nailoni. Nikaomba kuishika. Naandika makala kuhusu serikali na wananchi tangu nikiwa na nywele nyingi, na ilikuwa mara ya kwanza kushika mikononi kitu kilichoahidiwa.

Nikarudi bondeni. "Nimezishika, mama."

"Basi Jumamosi," akasema.

Jumamosi asubuhi kamati ilikuwepo, na mtaa pia ulikuwepo, ule umati wa watu wanaopita tu. Mwenyekiti alikuja na kamba mkononi. Mjane hakuitazama. Aliingia kwenye mstari wa kwanza na panga lake, akakata bua la kwanza chini kabisa, akalilaza, akaenda la pili. Mabua mabichi hayalii kwa nguvu yakikatwa; ni sauti ya maji, kama mtu anayetafuna. Alikuwa akikata bila haraka, na kila aliporefusha mkono ndevu za mahindi zilimshika kwenye kilemba.  Kisha binti yake akatoka nyumbani na panga la pili, amefunga kifundo kwa kitambaa, akaanza upande wa pili wa njia. Hawakutazamana. Walikata hadi wakafika sambamba.

Mzee mwanajeshi ndiye aliyeshindwa kwanza. Alisema kitu kuhusu jua kuwa kali, ingawa kulikuwa na mawingu hadi kwenye milima ya Matogoro, akaenda kuchukua panga lake na kuanza kufyeka ya kwake, kutoka ukingo halisi wa njia. Mwenye mkwe akafuata, akisema atamweleza mkwe. Mwenyekiti alisimama kidogo na zile mbegu zake fupi, ambazo zilikuwa zimempita kichwa.

"Mwenyekiti, chuchumaa ndiyo tutaona kama ni marefu," mwanamke mmoja akamwambia.

Akafyeka. Mimi pia nilifyeka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ukulima nilimaliza kabla ya wengine wote. Hapakuwa na kazi kubwa.

Mchana njia ilikuwa imerudi. Mabua yalibebwa kwa ng'ombe wa maziwa na kwa nguruwe wa mtaa, ambao sidhani kama wamewahi kupata Jumamosi nzuri kama ile. Tuliobaki tulimtazama mjane amekaa juu ya lundo, na tukaanza kuelewa. Sisi tulikuwa tumepoteza kingo. Yeye alikuwa amepoteza shamba. Kijijini Mpitimbi alikozaliwa kuna ardhi, lakini inalimwa na kaka zake, na mtu haendi kwa kaka zake Machi kuomba mavuno ya Juni.

Mtu akamuuliza dada afisa, aliyekuwa amekuja kukagua njia, kama ruzuku ingeweza kufidia. Alikuwa ameshalifikiria, ilionekana, maana alijibu haraka na kwa uchungu: fedha zile zina mafungu yake, na fungu la mahindi halipo. Nilimwamini. Nimekaa nchi hii muda wa kutosha kujua kwamba afisa akisikitika kwa dhati, huwa hana anachoficha.

Aliyetutoa hapo alikuwa jirani yangu, mama wa Kiislamu aliyeolewa kutoka upande wa Namtumbo, anayepika vitumbua asubuhi. Alichana upindo wa kanga yake kuukuu, akaenda nyuma ya nyumba yake, ambako mahindi yalikuwa yamesimama salama mbali na njia, akaufunga kwenye bua la mwanzo la mstari mmoja.

"Mstari huu wa mama, inshallah mpaka ukauke," akasema. "Atakuja kuvuna mwenyewe. Sitaki kushukuriwa, nina unga unachacha."

Wanawake wa jumuiya ya kanisa, ambao walikuwa wakitafakari kufanya mchango na maombi, walimtazama kwa wivu mtakatifu. Kisha nao wakauliza vitambaa viko wapi. Binti wa mjane akaingia ndani, akatoka na mfuko wa vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye ushonaji, akauweka katikati ya njia, watu wachukue.  Alibaki amesimama pale akimgawia kila mtu, na nilimwona akichagua rangi.

Jioni ile mtaa ulikuwa na vitambaa huku na huku, nyuma ya nyumba na kando ya vyoo, kila kimoja kikiwa mstari wa mjane. Alipita kuvitazama, kwa kuwa si adabu kupewa kitu usikione. Kwetu alisimama muda mrefu mbele ya mstari niliomfungia mimi.

"Ndio huu, baba?"

"Ndio, mama."

"Unaumwa?"

Sikujua kama aliniuliza mimi au aliuuliza mstari. Akafungua kitambaa taratibu, akatembea hadi upande anaolima mke wangu, ambako mahindi yana afya na heshima, akakifunga huko. "Ule wako uache kwanza," akasema, "upate nguvu." Mke wangu alilazimika kuingia ndani.

Taa zilisimikwa kama dada alivyosema. Jioni ya kwanza tulitoka kuzitazama, tumesimama njiani kama watu wanaomngojea askofu. Zikawaka zenyewe, moja baada ya nyingine, na kule bondeni pakaonekana visiki vya mahindi, mawe ya kijito, na mtu mmoja anapanda mteremko kwa miguu na mkoba begani. Alikuwa binti wa mjane. Tulimpisha. Alituamkia wote kwa jumla, akiwa na aibu ya kutazamwa, akaingia kwao. Chumba cha mjini hakikutajwa tena, na hakuna aliyekuwa mjinga wa kuulizia.

Sitasema kwamba wezi wameisha Bombambili. Mwenyekiti ameibiwa mbuzi tangu wakati huo, mchana, pamoja na kamba. Lakini watu wanapita njia ile.

Juni mjane alizunguka na binti yake kuvuna mistari yao, nyumba baada ya nyumba, na kila walipofika walikaribishwa uji, hata kazi ikachukua muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kwetu walivuna ule wa mke wangu. Wangu niliuvuna mwenyewe, ukaenea kwenye beseni.

Kisha ukaja msimu mwingine. Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri, harufu ile ikapanda, na mimi nilijikuta nje na jembe na bakuli la mbegu, nikipiga mluzi. Taa zilikuwa ndiyo kwanza zinawaka. Nilikuwa nimefukia mashimo kadhaa niliposikia viatu njiani. Binti wa mjane alikuwa anarudi kutoka kazini, bila haraka, anaongea na simu yake mpya. Akaishusha sikioni.

"Shikamoo, katibu."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Nzuri." Akatazama jembe, akatazama bakuli, akatazama miguu yangu. "Hapo uliposimama ni njiani."

Akaendelea na simu yake, akishuka bondeni. Nilimwangalia hadi alipofika mlangoni kwao, kwa kuwa siku hizi inawezekana kuona mpaka huko. Kisha nikachuchumaa chini ya taa ya serikali nikaanza kufukua mbegu zangu.